Bilioni 87 na mapenzi ya wagombea kwa askari: kura za vita zinavyosomwa Marekani

Kila baada ya miaka minne wagombea urais wa Marekani hupanda jukwaani wakasema wanawapenda askari wa nchi yao. Bendera huwa nyuma, wanajeshi wa zamani huketishwa safu ya mbele wakiwa na kofia zenye majina ya meli na vikosi walivyotumikia, na ukumbi mzima husimama kupiga makofi. Sentensi hiyo haina mpinzani. Hakuna anayegombea kwa kusema anawachukia askari, kwa hiyo haiwezi kumpambanua mgombea mmoja na mwingine. Kinachowapambanua ni kura walizopiga wakiwa bungeni, miswada waliyotia saini au kuizuia wakiwa ikulu, na pesa: zilitolewa lini, kwa kazi gani, na nani aliachiwa deni.

Mengi ya hayo yako wazi. Kura za Baraza la Seneti zinazopigwa kwa majina huwekwa kwenye tovuti ya baraza hilo, na aliye Tabora anaweza kuzifungua kwenye simu sawa na aliye Ohio. Nayaandika haya nikiwafikiria zaidi wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, hasa wazazi waliotoka Kenya, Tanzania au Kongo ambao watoto wao wamevaa sare ya nchi hiyo. Mkono mtupu haulambwi, na mzazi wa askari ana haki ya kuuliza kuna nini ndani ya mkono unaopungwa jukwaani.

Kura iliyomfuata Kerry

Kura ya Oktoba 2003 inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu mtego wake umerudiwa mara nyingi tangu hapo.

Tarehe 7 Septemba 2003, miezi minne baada ya kuhutubia juu ya meli ya USS Abraham Lincoln chini ya bango lililosema kazi imekamilika, Rais George W. Bush aliliomba Bunge dola bilioni 87 kwa ajili ya Iraq na Afghanistan. Kama bilioni 66 zilikuwa za operesheni za kijeshi na ujasusi. Zilizobaki, karibu bilioni 20, zilikuwa za kujenga upya nchi hizo mbili: umeme, maji, mafuta, polisi. Ombi hilo lilikuja kama bajeti ya nyongeza, nje ya bajeti ya kawaida ya ulinzi. Bajeti ya namna hiyo hupita bila kulazimika kuonyesha pesa itatoka wapi. Huongezwa tu kwenye deni la taifa, na mwaka huohuo kodi zilikuwa zimepunguzwa.

Maseneta Joe Biden na John Kerry, huyu wa pili akiwa ndiye aliyekuja kugombea urais dhidi ya Bush mwaka 2004, walileta marekebisho: pesa zitolewe, ila zilipwe kwa kurudisha sehemu ya punguzo la kodi walilopewa wenye kipato kikubwa kabisa. Tarehe 2 Oktoba marekebisho hayo yaliwekwa kando kwa kura 57 dhidi ya 42. Tarehe 17 Oktoba muswada wenyewe ulipita Seneti kwa kura 87 dhidi ya 12. Kerry alikuwa miongoni mwa wale 12, na John Edwards, ambaye baadaye angekuwa mgombea mwenza wake, alikuwa naye.

Hadithi ya kampeni huishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Maseneta walikuwa wamepitisha kipengele kingine kilichofanya sehemu ya pesa za ujenzi wa Iraq iwe mkopo badala ya msaada. Ikulu ikaandika kwamba mkopo huo ukibaki, rais angeshauriwa kuupigia muswada mzima kura ya turufu. Muswada ule ule wa pesa za askari. Kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ikauondoa mkopo, na tarehe 3 Novemba Seneti ikapitisha toleo la mwisho kwa sauti tu, bila kuhesabu majina, ukumbi ukiwa karibu mtupu. Bush alitia saini tarehe 6. Kwa hiyo kila upande ulikuwa tayari kuziacha pesa zikwame endapo masharti yake yangekataliwa. Mmoja tu ndiye aliyetungiwa tangazo la televisheni.

Tangazo hilo lilirushwa West Virginia mwezi Machi 2004, kabla tu ya Kerry kufika huko. Liliorodhesha vitu vilivyokuwa ndani ya muswada, fulana za kuzuia risasi, nyongeza ya posho ya vitani, matibabu bora kwa askari wa akiba, na baada ya kila kimoja likasema: Bwana Kerry, hapana. Tarehe 16 Machi, mjini Huntington, Kerry aliulizwa akajibu kwamba kwa kweli alizipigia kura ya ndiyo zile dola bilioni 87 kabla ya kupiga kura ya kuzipinga. Kwa anayejua marekebisho ya Biden, jibu hilo ni sahihi neno kwa neno. Kwa anayemsikiliza akiwa jikoni anaosha vyombo, ni ushahidi wa kigeugeu. Siku chache baadaye sentensi hiyo ilikuwa ndani ya tangazo jipya la Bush.

Simtetei Kerry kwa kura yenyewe. Katikati ya Septemba 2003 alikuwa amesema kwenye televisheni kwamba hakuna seneta atakayewatelekeza wanajeshi, akaita jambo hilo kutowajibika. Mwezi mmoja baadaye, wakati Howard Dean, mpinzani wake katika kuwania uteuzi wa Wademokrat, akipata nguvu ndani ya chama kwa kuipinga vita waziwazi, akapiga hapana. Mpiga kura alikuwa na haki ya kuuliza nini kilibadilika katikati. Lakini swali hilo si lile lililoulizwa. Lililoulizwa ni kama Kerry aliwanyima askari fulana, na jibu lake linahitaji kuijua fulana yenyewe.

Fulana iliyotumika Iraq, iliyoitwa Interceptor, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni koti la nyuzi ngumu linalozuia vipande vya mabomu na risasi za bastola. Ya pili ni mabamba mawili ya seramiki, moja kifuani na moja mgongoni, kila moja likiwa na uzito wa karibu kilo 1.8. Mabamba ndiyo yanayozuia risasi ya bunduki ya aina ya Kalashnikov. Koti peke yake halizuii. Fulana nzima ina uzito wa kilo saba na nusu hivi. Vita ilipoanza Machi 2003, mipango ilikuwa imewatanguliza askari wa miguu wa mstari wa mbele. Iraq haikuwa na mstari wa mbele. Dereva wa lori la mafuta na fundi wa jenereta walikuwa wakishambuliwa barabarani sawa na askari wa miguu, mahitaji yakapanda ghafla, na viwanda vilivyoweza kutengeneza mabamba vilikuwa vichache. Bamba la seramiki halipatikani wiki moja baada ya pesa kutolewa. Malighafi huagizwa, huchomwa, hupimwa kwa kupigwa risasi, ndipo husafirishwa.

Ndani ya zile bilioni 87, fedha za fulana zilikuwa kama dola milioni 300, yaani theluthi moja ya asilimia moja ya muswada mzima. Uhaba ulikuwa umeshatokea miezi kabla ya kura ya Oktoba, nao ulitokana na upangaji wa vita. Kura ya Kerry haikuuleta, na tangazo la Bush halikuumaliza. Familia nyingi zilinunua vifaa kwa pesa zao wenyewe na kuvituma kwa posta, hata Oktoba 2004 Bunge likapitisha sheria ya kuwarudishia hadi dola 1,100 kwa kila kifaa. Mwaka 2005 wabunge walikuwa bado wanailalamikia Wizara ya Ulinzi kwa kuchelewesha utaratibu wa malipo hayo.

Tarehe 8 Desemba 2004, kambini Kuwait, askari mmoja wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa kutoka Tennessee alimwuliza Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld kwa nini wao wanalazimika kuokota vyuma chakavu jalalani ili wayakinge magari yao. Wenzake wakashangilia. Rumsfeld akajibu kwamba mtu huenda vitani na jeshi alilo nalo, si lile ambalo angelitaka. Tazama tarehe. Uchaguzi ulikuwa umeisha mwezi mmoja kabla, baada ya mwaka mzima wa matangazo kuhusu nani anawapenda askari, na swali la chuma cha gari liliulizwa na askari mwenyewe.

Hapana si moja

Mgombea akishutumiwa kwamba alipiga kura dhidi ya wanajeshi, jambo la kwanza la kutafuta ni aina ya kura. Ipo kura ya kuweka marekebisho kando, ipo ya kufunga mjadala ambayo Seneti huhitaji 60, ipo ya kupitisha muswada, na ipo ya kupitisha toleo la mwisho lililotoka kamati ya pamoja. Muswada mmoja unaweza kupitia zote nne, na seneta akawa na ndiyo mbili na hapana mbili bila kubadili msimamo hata mara moja.

Mfano ulio safi ni sheria ya PACT ya 2022, inayowahusu walioathiriwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za Iraq na Afghanistan. Mwezi Juni ilipita Seneti kwa 84 dhidi ya 14, ikarudi kwa sababu ya kasoro ya kiufundi, na tarehe 27 Julai kura ya kufunga mjadala ikakwama kwa 55 dhidi ya 42. Kati ya hapana hizo moja ilikuwa ya Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat waliokuwa wakiisukuma sheria hiyo. Kanuni za Seneti humruhusu aliyekuwa upande ulioshinda kuomba kura irudiwe, kwa hiyo kiongozi hubadilisha kura yake makusudi ili aweze kuurudisha muswada. Atakayechukua orodha ya siku hiyo bila maelezo atasema Schumer aliwakataa askari wagonjwa. Hapana za Warepublican wengi zilikuwa na maana, walidai kulikuwa na njia ya kupenyeza matumizi mengine kwenye fungu hilo, na hoja hiyo inaweza kupimwa kwa haki yake. Wanajeshi wa zamani walilala kwenye ngazi za jengo la Bunge usiku na mchana, na tarehe 2 Agosti muswada ukapita 86 dhidi ya 11.

Jambo la pili ni kutenganisha sheria ya kuidhinisha na sheria ya kutoa pesa. Sheria ya kila mwaka ya kuidhinisha ulinzi hupanga viwango na mipango, lakini haitoi hata senti. Pesa hutolewa na sheria ya matumizi. Mgombea anaweza kujisifia programu aliyoiidhinisha ambayo haijawahi kupewa pesa.

Mishahara nayo ina utaratibu wake. Sheria huifungamanisha nyongeza ya mwaka na ukuaji wa mishahara ya sekta binafsi, kwa hiyo nyongeza huja yenyewe isipokuwa rais au Bunge wapange vingine. Tarehe 26 Desemba 2018, kwenye kambi ya Al Asad nchini Iraq, Rais Donald Trump aliwaambia askari kwamba hawakuwa wamepata nyongeza kwa zaidi ya miaka kumi na kwamba yeye amewapatia zaidi ya asilimia kumi. Nyongeza ilikuwa imetolewa kila mwaka, na ya 2019 ilikuwa asilimia 2.6. Watu aliokuwa akiwaambia ndio wanaopokea hati za mshahara.

Mtego wa 2003 ulirudi 2008. Aprili 2007 Bunge lilipitisha pesa za vita zenye ratiba ya kuondoa majeshi Iraq. Bush akaupigia muswada huo kura ya turufu tarehe 1 Mei, na John McCain, seneta aliyekuja kuwa mgombea wa Warepublican 2008, aliupinga. Wiki tatu baadaye ukaja mwingine usio na ratiba, ukapita Seneti tarehe 24 Mei kwa 80 dhidi ya 14, Barack Obama na Hillary Clinton wakiwa kati ya wale 14. Kwenye mdahalo wa kwanza wa Septemba 2008, huko Oxford, Mississippi, McCain alimshutumu Obama kwa kukataa kuwapa askari pesa. Obama alijibu jambo ambalo Kerry alishindwa kulisema kwa ufupi: wewe ulizikataa zenye ratiba, mimi nilizikataa zisizo na ratiba, tofauti yetu ni ratiba. Usiku huohuo wote wawili walionyesha bangili za askari waliofariki walizopewa na mama zao, mama mmoja akitaka vita iendelee ili mwanawe asiwe amekufa bure, mwingine akitaka mama wengine wasipatwe na msiba kama wake. Nadhani hakuna dakika nyingine kwenye midahalo hiyo iliyoonyesha vizuri hivyo kwamba msiba wa askari hauna chama.

Medali na beji

Watu hudhani rekodi ya vita ni hazina ya kura. Kati ya 1992 na 2008 mgombea aliyekuwa amekwenda vitani alishindwa mara tano mfululizo: George H. W. Bush, Bob Dole, Al Gore, Kerry, McCain. George McGovern aliruka safari 35 za kivita kwenye ndege ya B-24 katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1972 akapoteza majimbo 49.

Kerry aliijenga kampeni yake juu ya utumishi wake katika vita ya Vietnam, akafungua hotuba yake ya kukubali uteuzi mjini Boston, Julai 2004, kwa kupiga saluti na kusema anaripoti kazini. Agosti kundi la wanajeshi wa zamani wa Vietnam lililoitwa Swift Boat Veterans for Truth likarusha tangazo la kupinga medali zake. Malipo ya mwanzo yalikuwa kama nusu milioni ya dola katika majimbo matatu tu, ila vituo vya habari vililirudia bure nchi nzima. Kerry alichukua wiki mbili kujibu kwa kinywa chake. Sababu mojawapo ilikuwa ya hesabu. Wagombea wote wawili walipokea ruzuku ya umma ya karibu dola milioni 75 kuanzia siku walipoteuliwa rasmi, na mkutano wa Wademokrat ulikuwa umefanyika wiki tano kabla ya ule wa Warepublican. Kerry alilazimika kuzitandaza pesa zilezile kwa wiki 13, Bush kwa 8. Agosti ikawa mwezi wa kubana matumizi, na ndio mwezi alioshambuliwa. Tume ya Uchaguzi ililitoza kundi hilo faini ya dola 299,500 Desemba 2006, wakati hakuna kura tena ya kurekebisha.

Beji ya bendera kwenye kola haistahili maneno mengi. Oktoba 2007 Obama alisema ameacha kuivaa kwa sababu imekuwa mbadala wa uzalendo wenyewe; Aprili 2008 aliulizwa habari zake katikati ya mdahalo wa Philadelphia; muda mfupi baadaye akawa anaivaa kila siku.

Karo ya chuo

Mwaka 2008 kulikuwa na mabishano ya kweli, na yanasikitisha kwa jinsi yalivyopewa nafasi ndogo kuliko beji. Seneta Jim Webb wa Virginia, aliyepigana Vietnam kama afisa wa Marine, alileta sheria ya elimu kwa waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001. Miezi 36 ya utumishi ingempa mtu karo yote hadi kiwango cha juu cha chuo cha umma cha jimbo lake, posho ya nyumba, na dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Utumishi wa siku 90 ungempa asilimia 40, kisha kiwango kipande kwa ngazi.

McCain alipinga, akaleta muswada wake. Hoja yake: mtu akipewa kila kitu baada ya miaka mitatu, sajini mzuri ataondoka jeshini kwenda chuo katikati ya vita mbili, kwa hiyo malipo yapande kadiri mtu anavyokaa. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba mpango wa Webb ungepunguza wanaoongeza mkataba kwa asilimia 16, na pia ungeongeza wanaojiunga kwa asilimia 16. Kila upande ulichukua nusu ya hesabu hiyo iliyoufaa. Muswada ulipita Seneti tarehe 22 Mei 2008 kwa 75 dhidi ya 22, McCain akiwa safarini kutafuta michango. Uliposainiwa Juni 30 ulikuwa umeongezwa jambo moja ambalo upande wa McCain na Ikulu ulilitaka: askari anayekaa muda mrefu aweze kumpa mke, mume au mtoto haki hiyo. Utaratibu uliokuja kutumika ni miaka sita ya utumishi na ahadi ya minne zaidi.

Kosa linaloziumiza familia liko hapo. Uhamisho lazima uombwe mtu akiwa bado jeshini. Aliyekwisha kuvua sare hawezi kurudi nyuma kuuomba, hata kama alitumikia miaka kumi na mbili.

Sare haina chama

Agizo la Wizara ya Ulinzi namba 1344.10 la Februari 2008 linasema wazi nini askari aliye kazini anaruhusiwa. Anaweza kupiga kura, kumchangia mgombea, kubandika kibandiko kidogo kwenye gari, na kuhudhuria mkutano kama mtazamaji bila sare. Hawezi kuhutubia mkutano wa chama, kuandamana kwenye maandamano ya chama, wala kuweka bango la mgombea kwenye nyumba ya kambini. Aliyestaafu anaweza kutumia picha yake ya sare kwenye kipeperushi, ila pawepo maandishi kwamba Wizara haimuungi mkono, na picha hiyo isiwe ndiyo picha kuu. Mara nyingi wanaonaswa ni vijana wa vyeo vya chini. Mgombea humvuta askari mwenye sare jukwaani mbele ya kamera, mgombea huenda zake, na barua ya karipio hubaki kwenye faili la kijana. Ukiwa na mtoto jeshini, mwambie mapema.

Makaburi yana ulinzi kama huo. Sheria ya shirikisho inakataza shughuli za kampeni kwenye Makaburi ya Taifa ya Arlington. Tarehe 26 Agosti 2024 Trump alikaribishwa huko na baadhi ya familia za wanajeshi 13 wa Marekani waliouawa kwenye lango la uwanja wa ndege wa Kabul mwaka 2021. Kulitokea mvutano kuhusu kupiga picha katika eneo la 60, wanakozikwa wengi wa vita vya Iraq na Afghanistan, na Jeshi likatoa taarifa kwamba mfanyakazi aliyejaribu kusimamia kanuni alisukumwa kando. Kampeni ilikana, ikasema ilipewa ruhusa. Familia zina haki ya kumkaribisha zinayemtaka. Lakini makaburi ya jirani yana familia nyingine ambazo hazikuulizwa, na kanuni iliwekwa kwa ajili yao.

Kura ya askari mwenyewe

Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, majimbo 19 yaliwaruhusu askari kupiga kura wakiwa uwanjani. Indiana haikuruhusu, na Abraham Lincoln alimwandikia Jenerali Sherman akimsihi awape askari wa jimbo hilo likizo waende nyumbani kupiga kura. Katika kura za askari zilizohesabiwa peke yake, Lincoln alipata karibu asilimia 78, dhidi ya George McClellan aliyewahi kuwa jenerali wao.

Tangu hapo kila chama kimeitaka kura ya askari, hasa pale inapokifaa. Florida mwaka 2000, tofauti ya mwisho ikiwa kura 537, Warepublican walidai bahasha za wanajeshi zisizo na muhuri wa posta zihesabiwe, Wademokrat walianza kuzipinga, kisha mgombea wao wa umakamu Joe Lieberman akasema kwenye televisheni zipewe nafasi. Uchunguzi wa gazeti la New York Times uliotoka 2001 ulikuta kura 680 zenye kasoro kati ya 2,490 za ng'ambo zilizopokelewa baada ya siku ya uchaguzi na kuhesabiwa. Mhuri haukuwapo kwa sababu barua za jeshi mara nyingine hupita bila kugongwa. Askari hakuwa na kosa.

Sheria ya MOVE ya 2009 iliyalazimisha majimbo kuwatumia wapiga kura hao karatasi siku 45 kabla ya uchaguzi, na kuwapa walau njia moja ya kuzipokea kwa mtandao. Askari huanza kwa kujaza fomu ya posta ya shirikisho, inayosajili na kuomba kura kwa pamoja. Ajaze Januari kila mwaka wa uchaguzi, na tena kila anapohamishwa kituo, kwa sababu karatasi hufuata anwani ya zamani. Anwani ya kupigia kura ni ya jimbo lake la ukaazi, wala si ya kambi. Saini ifanane na ile iliyoko ofisi ya uchaguzi. Karatasi isipofika, ipo karatasi ya akiba ya shirikisho, anaijaza kwa mkono na kuituma; ya jimbo ikifika baadaye, anaituma nayo, na ofisi itahesabu moja. Kila kikosi huwa na afisa wa kusaidia upigaji kura. Muda wa mwisho wa kupokea hutofautiana jimbo kwa jimbo, na hapo ndipo wengi huanguka.

Nani anahesabiwa

Juni 27, 2024, kwenye mdahalo, Rais Joe Biden alisema yeye ndiye rais pekee wa muongo huo ambaye hakuwa na askari wanaokufa popote duniani. Wale 13 wa Kabul walikufa yeye akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na Januari ya mwaka huohuo droni ilikuwa imewaua askari watatu kwenye kituo cha Tower 22 nchini Jordan. Kwa wazazi wao kauli hiyo ilikuwa kufutwa.

Kufutwa kwa namna nyingine kulitokea karibu na kwetu. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, wakawaua Wamarekani watatu. Mmoja alikuwa askari. Wawili walikuwa wafanyakazi wa mkandarasi kwenye ndege ya upelelezi. Uchunguzi wa jeshi uliotangazwa Machi 2022 ulikuta ulinzi uliolegea na uzembe wa kudhani hatari iko Somalia tu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Manda Bay haikuwa hoja ya kampeni. Idadi ya wanajeshi waliokufa iliongezeka kwa mmoja, maana wakandarasi hawamo kwenye hesabu hiyo. Serikali inayotaka vita vyenye majeneza machache kwenye takwimu inaweza kuajiri wakandarasi wengi zaidi, na mgombea akasema ukweli wa tarakimu huku watu wakifa.

Wapo pia wanaotumikia nchi isiyo yao bado. Kati ya 2009 na 2016 mpango wa MAVNI uliandikisha wageni wenye taaluma za afya au lugha zilizohitajika, Kiswahili ikiwamo, kwa ahadi ya njia fupi ya uraia. Oktoba 2017 Wizara ya Ulinzi iliweka sharti kwamba askari asiye raia angoje siku 180 za utumishi kabla ya kuthibitishiwa fomu N-426, ambayo bila hiyo ombi la uraia haliendi. Mahakama ya shirikisho mjini Washington ililiondoa sharti hilo Agosti 2020. Miaka hiyo mitatu yote hotuba za kuwapenda askari hazikupungua upande wowote. Mwenye kijana anayefikiria kujiandikisha kwa hati ya ukaazi wa kudumu aulize swali hili kwa mwandikishaji na kwa mgombea, kwa maneno hayohayo: fomu N-426 itasainiwa siku ya ngapi, na nani ataisaini?